Mwaka Mmoja Bila Mchungaji Wembe

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu utuache asubuhi ile, mkono wako ukiwa mkononi mwa Mama, na wewe usijue ni mkono wa nani.

Mtaani walikuita Mchungaji Wembe. Kibanda chako kilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka, na benchi lisilokosa watu. Ulinyoa vizuri na kuhubiri vizuri zaidi. Mteja akishaegemeza kichwa, povu limejaa shavuni, ndipo unamuuliza, "Umeokoka?" Fundi viatu wa jirani alikuwa akisema, "Nani atabishana na mtu aliyemwekea wembe kooni?" Ulicheka naye, kisha ukaendelea: wokovu si mshahara, haulipwi kwa kazi njema, ni kumwamini Yesu tu, basi.

Wazee wasiojiweza uliwafuata majumbani ukawanyoa bure. Ukisifiwa, unakunja uso. "Hayo hayanipeleki mbinguni."

Ndiyo maana ulisema ulichosema kwenye msiba wa Baba Mdogo. Alikuwa mdogo wako wa pekee, mpole, mtu wa watu, aliyelea hata watoto wasio wake. Lakini kanisani hakukanyaga, wala hakuficha kwamba haamini. Ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema: "Ndugu yangu alikuwa mwema. Lakini wema hauokoi. Siwezi kuwadanganya." Mama Mdogo, mjane wake, aliinuka akaingia ndani. Tulikuona baadaye ukilia nyuma ya nyumba. Neno lako hukulifuta.

Kisha ukaanza kusahau. Ulisahau majina ya wateja, halafu yetu, halafu njia ya kwenda kibandani. Jumapili moja Mama alikuambia twende tukamwabudu Yesu. Ukamuuliza kwa adabu zote, "Huyo Yesu ni mteja wetu?"

Tulicheka, Baba, utusamehe. Kicheko kikatukaukia mdomoni.

Kaka, mwanao wa kwanza, aliyeingia uinjilisti kwa sababu yako, ndiye aliyeumia zaidi. Kila akija alikushika mabega. "Baba, sema: namwamini Yesu. Sema tu." Ulijaribu, ukakosa maneno, ukalia kama mtoto. "Nimekosa nini?" Mama akaitoa mikono ya Kaka mabegani mwako.

"Mwache! Alipokuwa na akili zake alimshika Mungu. Sasa Mungu amshike yeye."

"Imani ndiyo inayookoa, Mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Na sasa hana."

Mama akakufuta machozi.

Mama alipochoka, Mama Mdogo alikuja kukulisha. Hakuna aliyemwomba. Juma lako la mwisho ulimkazia macho ukamuuliza, "Wewe ni nani?"

"Mke wa mdogo wako, shemeji."

"Yuko wapi?"

"Alishafariki."

"Alikuwa mtu mwema?"

Alishusha kijiko. "Mwema sana."

"Basi usiwe na wasiwasi," ukamwambia, ukimpapasa mkono. "Yuko salama."

Neno hilo limetugawa mwaka mzima. Kaka anasema ulikuwa ugonjwa, si wewe. Na kama ulikuwa wewe, basi mahubiri yako yote yanakwenda wapi? Mama Mdogo anasema amelisubiri neno lile miaka, halirudishi. Mama anawaombea wewe na mdogo wako kwa pumzi moja, jambo ambalo ungelikataza.

Nami bintiyo ninayeandika haya sijui. Ulitufundisha kwamba hakuna mtu anayejiokoa. Huenda hata kuamini kwenyewe tunashikiwa na mwingine, mikono yetu inapolegea. Kuna siku wazo hilo linanituliza. Kuna siku halinitulizi hata kidogo, nakaa kwenye kiti chako kibandani nikitamani kukuuliza wewe, yule wa zamani.

Kesho tutakusanyika nyumbani. Kaka amekubali kuongoza sala, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Anasema hajui atasema nini juu yako. Mama Mdogo amesema atakaa kando yake.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, mwanao mwinjilisti, mimi bintiyo, shemeji yako, wajukuu zako, fundi viatu, na wote walioketi kwenye benchi lako.

Ulitusahau mmoja mmoja, Baba, na hakuna hata mmoja wetu aliyeacha kuwa wako. Nasi hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.