Walikuswalia Ijumaa, Yusuf

Mume wangu Yusuf,

Jana nilikwenda msikitini na fimbo yako ya mnadani. Sikwenda kuswali. Nilikwenda kumpiga mtu wa kwanza atakayesema kwamba umekufa, hata angekuwa imamu mwenyewe.

Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu sijui ulipo. Huenda ikapita mbele ya macho ya mtu anayejua. Na pia watu wa mtaa wetu hapa Iftin wamezidi midomo, wanasema tulijitafutia balaa wenyewe. Basi wasikie. Sisi tulikwenda kuona msikiti.

Tangu tuoane hatujawahi kulala nje ya Garissa sisi wawili tu. Ulipouza mbuzi wa Habaswein kwa bei nzuri ukaniambia, "Hawa, twende Ungwana. Kila mwaka unawafundisha watoto wa watu habari za miji ya kale na hujagusa hata jiwe lake moja." Wenye pesa huenda pwani kwa ndege. Sisi tulipanda basi la alfajiri hadi Garsen, kisha pikipiki mpaka Kipini, na mapajani kopo la nyirinyiri, nyama kavu iliyozama kwenye samli, ambayo mama yako alitufungia kana kwamba tunakwenda Hija kwa miguu. Njia nzima hatukununua chakula. Chumba cha bei ya chini tulichokodi kilikuwa na kunguni wakubwa, nami nikamfokea mwenye nyumba mpaka akatuhamishia kingine. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, umejiziba mdomo kwa kikoi, unacheka.

Asubuhi tukaenda kwenye magofu. Msikiti ule hauna paa, na mizizi ya mti imeupasua ukuta wa kibla. Ulivua viatu ingawa sakafu ilikuwa miiba mitupu. Ukamuuliza mlinzi kwa Kiswahili chako cha sokoni, "Mzee, watu ya hii msikiti walienda wabi?" Nikacheka, kama kawaida yangu.

"Wengine husema vita, wengine husema kiu," mzee akajibu. "Mimi nafagia tu."

Ulipokuwa umesimama unaswali, swila akatoka katikati ya mawe, hatua chache kutoka miguuni mwako. Nikanyakua gongo nikampiga mpaka kichwa kikawa uji, nikaendelea kumpiga hata baada ya hapo, maana hasira yangu unaijua, haina breki. Wewe hukukatiza swala. Ulitoa salamu kulia, ukatoa kushoto, ukanitazama. "Mimi naswali, wewe unaua," ukasema. "Nyumba yetu imekamilika." Nilikupenda pale kuliko siku ya harusi. Sikukwambia, nilikwambia uvae viatu.

Kesho yake tukarudi kwa basi. Tulipoipita Hola, gari lisilo na namba likaziba barabara, wakaingia wanaume wenye bunduki. Hawakuwa na sare, nyuso zao zimefungwa vitambaa. Mpaka leo hakuna aliyekiri kuwajua. Walitaka vitambulisho.

Wewe hukuwa nacho, na kila mtu wa huku anajua kwa nini. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yako, mama yako Halima alikubeba ukiwa mtoto mdogo hadi Dadaab akakuandikisha mkimbizi ili mpate unga wa kambini. Wengi walifanya hivyo, njaa haimwulizi mtu uraia. Alama za vidole vyako zikabaki kule. Ulipokuwa mtu mzima ukaomba kitambulisho cha nchi uliyozaliwa, ukaambiwa wewe ni mgeni.

"Bwana, iko barua ya chifu hapa," ulimwambia yule wa mbele. "Mimi nimesaliwa Habaswein. Bigia mama yangu simu."

Alikupiga kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika, Yusuf, bado nayasikia nikitafuna chochote. Wakakuburuta kwa miguu, kichwa chako kikigonga kila ngazi ya basi, ukipiga kelele damu imejaa mdomoni, "Hawa, kaa! Kaa ndani!" Ni amri yako pekee niliyowahi kuiasi bila kubishana kwanza. Nilimrukia mmoja nikamuuma mkono mpaka meno yangu yakakutana na mfupa. Alinishindilia bunduki begani, mtulinga ukavunjika, nikaanguka mchangani nikaona nyayo zako zinaingizwa garini. Abiria wote walibaki vitini mwao. Siwalaumu, walikuwa na watoto. Nawachukia tu.

Tangu siku hiyo nimezunguka vituo, hospitali na vyumba vya maiti, huku mdogo wako Abdi akinisindikiza. Nimefunuliwa shuka za waume wa watu, wengine hawana nyuso. Kila nilipoona si wewe nilifurahi, halafu nikamwonea huruma mke wa yule aliyelala pale. Nilimzaba kofi muuza nyama aliyekuita marehemu. Nitamzaba tena.

Kisha wazee wakaja, wakiongozwa na adeer Nur, ndugu wa baba yako. Alizungumza kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. "Hawa, binti yangu, muda umepita. Kaa eda kama mjane. Ukiimaliza, Abdi atakuoa akustiri, kama mila yetu ilivyo." Abdi alikuwa pale pale, maskini, anaangalia vidole vya miguu yake. Nikarusha birika la chai. Lilimkosa adeer, likalowesha mkeka. "Aliyekufa ana kaburi," nikawaambia. "Nionyesheni la Yusuf, nikae eda hata miaka kumi!"

Hawakunionyesha kaburi. Wakapanga swala ya ghaibu, ile ya kumwombea maiti asiyekuwepo, wakasema itakuwa Ijumaa, na siku ile ile nitahesabiwa mjane.

Ndipo nikachukua fimbo. Nilingoja swala ya Ijumaa iishe, imamu atangaze jina lako na kuinua mikono aanze, nikapita mlango wa wanaume mbele ya macho ya mtaa mzima.

"Shusha mikono, sheikh!" nikapaza sauti. "Shusha, au niivunje!"

Vijana walinyanyuka kunizuia, wakaiona fimbo, wakasita. Kisha pazia la upande wa wanawake likafunguka akatoka mama yako. Alitembea katikati ya safu za wanaume, akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Niachie, Hawa."

"Hooyo, mwanao hajafa!"

"Sijui," alisema. "Wewe pia hujui. Lakini aliyempeleka Dadaab ni mimi, kwa mgongo huu. Tangu wamchukue sijalia hata siku moja, maana kila nikifungua mdomo unaniambia nisimlilie mtu aliye hai. Nimechoka kuvumilia kwa ajili yako. Niruhusu nilie, mwanangu."

Nilikuwa tayari kuwapiga wote, Yusuf. Kwa huyo mmoja sikuwa tayari. Niliiachia fimbo.

Imamu akasema Allahu Akbar. Mama aliswali kimya mpaka salamu ya mwisho, kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu, wanaume wazima wakainamisha vichwa. Mimi sikuswali. Nilisimama mlangoni kwenye viatu vyao, ngumi nimezikunja mpaka kucha zikanitoboa.

Usiku mama akala. Akalala. Leo jua limepanda na bado amelala. Kitambaa cheupe cha ujane walichoniletea nimekichana vipande, na adeer Nur nimempelekea ujumbe kwamba Abdi atafute msichana.

Nasikia uchungu kukwambia kwamba nilikuacha mikononi mwa waliokuswalia ili mama yako apumzike. Kama umekufa, dua imekufikia. Kama u hai, haikudhuru kitu, basi rudi. Ila usiende nyumbani moja kwa moja, Yusuf. Mama amekwisha kukuzika, moyo wake hautahimili kukuona mlangoni. Njoo shuleni kwanza, usimame dirishani mwa darasa langu.

Mimi sitashtuka.

Mkeo, si mjane wako,
Hawa