Mchoro Usio na Bi Saumu

Jumapili, Lewisville. Joto limeshika tangu asubuhi, kiyoyozi kinanguruma bila kupoza, na mimi nimenuna kama mtu aliyenyimwa pilau arusini.

Nianze kwa kujisifu, maana leo hakuna atakayenisifu. Chuo nilikiacha muhula wa pili, lakini nimeunda programu ambayo wenye digrii zao bado wanaiota. Unaielezea kwa maneno ya kawaida mfumo unaoutaka, nani afanye lipi, nayo inakuchorea. Kila mhusika na kisanduku chake, ndani kazi zake, na mistari ya kuonyesha nani anamtegemea nani. Ukishapata mchoro, kuandika mfumo wenyewe ni mteremko.

Mteja wangu wa kwanza ni Ami Twaha, mdogo wake baba, anaishi Missouri City. Ana vani tatu za kuwapeleka wagonjwa kusafishwa figo, na anataka mfumo wa kompyuta wa kuziratibu. Wiki iliyopita nilikaa sebuleni kwake nikamrekodi saa nzima. Yeye akawa, "Mimi ndiye ninayepanga madereva, mimi ndiye ninayeongea na wagonjwa, mimi, mimi." Mkewe, Bi Saumu, alileta chai na mahamri, akaweka, akarudi jikoni. Huko simu yake ililia mara tano.

Nilizisikia. Nikaongeza hamri la nne.

Jana nikaendesha mwendo wa saa nne na nusu kwenda kuwaonyesha. Rekodi ile programu ilikuwa imeitolea mchoro safi, ungeutundika ukutani. Kisanduku cha Ami katikati, mistari yote inamwendea yeye kama sultani. Ami akatabasamu. Bi Saumu akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Mwanangu, dereva akiugua alfajiri, hapa nani anamtafuta mwingine?"

Nikamtazama Ami. Ami akatazama zulia.

"Na yule mgonjwa wa Jumanne, asiyepanda vani mpaka bintiye apigiwe simu? Nani anampigia?"

Hakuna. Kazi zote hizo ni zake Bi Saumu, na yeye kwenye mchoro hayumo kabisa.

Ami akakohoa, akasema programu yangu mbovu. Amenipa hadi Jumamosi, la sivyo kazi inakwenda kwa binamu yangu Faki.

Mbovu? Imechora alichosema yeye, neno kwa neno! Njia nzima ya kurudi nilibishana naye peke yangu garini. Kufika mji wa Corsicana, nyumbani bado mbali, nilikuwa nimeshamshinda mara sita.

Leo Faki, mwenye digrii na mdomo, kaniandikia: "Fundi, nasikia umempa Bi Saumu talaka kwa kompyuta."

Nimeilaza simu kifudifudi mezani.

Kwetu pia mama ndiye aliyeendesha duka na baba ndiye aliyeongea na wageni. Nimekulia humo humo, kisha nikaenda kumrekodi anayeongea na wageni. Hasira ya Ami itapoa. Hii ya kujikasirikia mwenyewe sijui niipeleke wapi.

Nilipokuwa naondoka, Bi Saumu alinifungia mahamri, akaninong'oneza nije Ijumaa, na niingilie mlango wa jikoni.

Nitaenda. Simu ya kurekodia nitaiweka karibu na jiko, na mdomo nitaufunga.

Ila najiuliza: mchoro mpya ukitoka, kwenye kisanduku cha Ami niandike kazi gani?