Mfuko wa Makaa Mlangoni kwa Dermot

Irlande, Jumapili baada ya misa

Maman wangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa, chai iko karibu, na lile goti la kushoto linakubali ngazi za mtaa wetu wa Kadutu bila wewe kulitukana kwa lugha yetu ya Mashi. Furaha je? Bado anamaliza sombe, majani yako ya muhogo, na kuacha bugali, au umemshinda? Mwambie mama yake anauliza. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu wetu Nyamuzinda. Baridi ya huku imenizoea, maana mimi sijaizoea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikata. Jumatano ulisema, “Mutoto hataenda kwenye banachoma hoteli juu ya rangi ya batu. Njo mwisho,” nikabaki naongea na kioo. Karatasi haikatwi, Maman. Anayekuletea ni dada wa Mapendo, yule rafiki yangu wa Uvira ninayefanya naye kazi. Atapita Kigali, ashuke mpaka Kamembe, avuke mto Ruzizi. Isome mpaka chini ndipo ukasirike. Visa ya Furaha imetoka, na ina mwisho wake. Ukiiacha ipite tunaanza upya, na mtoto wangu ataendelea kukua akiwa sauti ndani ya simu. Nilimwacha ana miaka minne, sasa ana minane. Sitaki afikishe kumi na miwili nikiwa namsikia tu.

Sitakudanganya. Video ambayo kaka Déo alikuonyesha ni ya kweli, ingawa hoteli ile iko mji mwingine. Serikali ilitaka kuwaweka humo wakimbizi, na kabla hawajafika ikatiwa moto. Hapa kwetu pia, kila Jumamosi, wanaume wanasimama kwenye njia panda chini ya kanisa na mbao zilizoandikwa “Irlande imejaa”. Asubuhi moja tulikuta mlango wetu umeandikwa kwa rangi nyekundu, “Rudini kwenu”. Mapendo alikuja na ndoo na sabuni. Nikamwambia aweke ndoo chini. Sikuandika mimi, sifuti mimi. Acha mleta barua asome, acha padri asome, acha watoto wa shule waulize wazazi wao. Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja mwenyewe na brashi, uso mwekundu kuliko ile rangi, akapaka mlango mzima upya. Nikamtengenezea chai.

Unapenda kuniuliza, “Sasa banabachukia juu ya nini, na njo bao balibaita?” Jibu alinipa Nora. Nora ni bibi niliyekuwa namhudumia katika nyumba ya wazee: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Alikuwa na umri wa kukuzaa wewe. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana nchi hii ilikuwa maskini, viazi na maziwa basi, na kaka zake wote wanne walipanda meli, wengine Uingereza, wengine Amerika. Kila mmoja alipokuwa anaondoka, majirani walikuja kukaa nyumbani na kumlilia kama aliyekufa, maana walijua hawatamwona tena. Kisha, nywele zake zikiwa tayari nyeupe, pesa ikaingia nchini: viwanda vya dawa, ofisi za kompyuta, majengo ya vioo. Vijana wakapata kazi za kiti na meza. Nani abaki kuosha wazee, kuchinja kuku, kubeba matofali? Wakatuita. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, asubuhi.

Halafu ule utajiri ukapandisha bei za nyumba, na foleni ya daktari ikafika barabarani. Badala ya kuwauliza wanaojenga na kuuza, wanamuuliza anayesukuma kiti cha bibi! Dermot, mtoto wa mwisho wa Nora, ni mmoja wa wale wanaoshika mbao njia panda. Binti yake ni mwalimu. Alikosa hata chumba cha kupanga, akaenda Australia. Hasira ya Dermot ina mzizi, sikatai. Ila anakata mti usio wenyewe. Kila Jumapili alikuja kumwona mama yake, na miaka yote hiyo alinipita mlangoni kama kabati. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwa mama yake na yeye hakuuona.

Nora alituacha majuma machache yaliyopita, baada ya chakula cha mchana, akiwa ameshika vidole vyangu. Huku maiti anarudishwa nyumbani kwake, analazwa sebuleni katika sanduku lililo wazi, na mlango haufungwi siku nzima. Kila anayetaka anaingia kutoa pole. Nilipoelezwa hivyo nikasema, basi hicho ni kilio, kama kwetu. Mapendo akanishika nguo: “Unaenda kutafuta nini kule? Ile ni nyumba ya Dermot.”

“Nilimuosha Nora miaka tatu,” nikamwambia. “Kilio haina polisi.”

Na wewe unajua, mtu wa kwetu haendi kwenye kilio mikono mitupu. Mwenye msiba hana nguvu ya kutafuta moto. Jirani anamletea makaa. Huku makaa yanauzwa kwenye stesheni ya mafuta, katika mifuko ya karatasi, ya kuchomea nyama siku za jua. Nikanunua mfuko mkubwa na kiberiti, nikafunga kitenge changu cheusi, nikaweka mfuko kichwani, nikapanda kilima mchana kweupe. Magari yalipunguza mwendo kunitazama. Mimi nilikuwa nafurahi, Maman, kwa mara ya kwanza nilitembea katika mji huu kama mtu anayejua anakokwenda.

Sikufikiri, na hapo ndipo kosa langu. Mgeni anafika kwa mtu anayekataa wageni, watu bado wanaongea juu ya hoteli iliyoungua, kichwani ana makaa, mkononi ana kiberiti. Wanaume watatu walitoka mbio. Mmoja akanikamata mkono, mwingine akanipokonya kiberiti. Dermot alisimama kwenye kizingiti, hana damu usoni, akauliza, nakutafsiria kwa Kiswahili chetu: “Unakuya kuchoma nyumba, na mama yangu analala ndani?”

Nilikasirika mpaka machozi. Ningeweza kutupa ule mfuko na kurudi. Badala yake nikakaa. Nilikaa chini pale kwenye ngazi yake, miguu nimeinyoosha kama tunavyokaa kwenye kilio, mfuko kando yangu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuvunjika: “Batu benye banachoma manyumba, weye njo unabajua, si miye. Miye nilileta moto ya chai. Mama yako nilimuosha, na macho yake nilimufunga miye. Nitaingia nimulilie, ao nitamulilia hapa kwenye barabara. Chagua.”

Akatokea bibi mwenye fimbo, dada mdogo wa Nora. Akautazama mfuko, akaufinya kwa vidole, akacheka kidogo na machozi yake. “Wakati ya mama yetu,” akasema, “majirani bote balikuwa banaleta ya kuwasha kwenye kilio. Leo banaleta keki.” Zamani huku walichimba udongo mweusi kwenye vinamasi, wakaukausha, wakauwasha kama kuni, na huo ndio jirani aliubeba kwenda msibani. Hilo sikulijua, nakuapia. Bibi akamwambia Dermot aubebe mfuko aupeleke ndani, na Dermot akaubeba. Mikono ikamchafuka, akajifuta kwenye suruali yake ya msiba.

Ndani nikakuta wamemchana Nora nywele zikaanguka kwenye paji la uso. Nora hakuvumilia nywele usoni hata siku moja. Sikuomba ruhusa. Nikatoa chanuo mkobani, nikazirudisha nyuma, kisha nikamlilia kwa Mashi, kwa sauti, jinsi mtu anavyostahili kuliliwa. Huku wanalia kimya. Siku ile walisikia.

Usidhani sasa nakuletea hadithi ya mahubiri. Jumamosi iliyofuata Dermot alikuwa tena njia panda na ubao wake. Nikavuka barabara, nikasimama mbele yake, wenzake wote wakitazama.

“Dermot, makaa iliwaka?”

Akaangalia viatu vyake.

“Iliwaka,” akasema.

“Ni vizuri. Salimia mama yako mdogo.” Nikaenda kazini. Tangu hapo kila Jumamosi namsimamisha kwa neno moja, leo mama yake mdogo, kesho binti yake wa Australia, na lazima ajibu. Wenzake wameanza kusimama mbali naye kidogo. Bado anakuja, nami bado napita. Tutaona nani atachoka kwanza, na mimi ni mtoto wako.

Sasa nitasema neno ambalo kwenye simu nisingethubutu. Unakumbuka kule kwetu Luhwindja, dhahabu ilipoanza kuita watu? Walipanda kutoka kila upande, hata kibanda cha kuku kikapangishwa, na fungu la muhogo likawa dogo. Nsimire alifika kutoka kisiwa cha Idjwi na mume wake mchimbaji. Pale kisimani ulikuwa unasukuma bidoni yake ya maji nyuma kwa mguu. Ulisema, “Hawa ba Idjwi bamekuya kutumalizia maji.” Nilikuwa mdogo, nimeshika kitenge chako, na mimi nikamcheka. Papa wangu alipofariki, wa kwanza kupanda mpaka mlangoni petu alikuwa Nsimire na kitunga cha makaa kichwani. Ulikipokea ukilia. Na juma lililofuata ulisukuma tena bidoni yake. Ni yeye aliyenifundisha makaa, Maman, si wewe. Aliendelea kuja kisimani kila asubuhi na kukusalimu kwa jina, mpaka mguu wako ukaona haya. Leo nani anaishi na wewe nyumba moja Kadutu, kama si Nsimire? Nani Furaha anamwita koko, bibi yake, sawa na wewe?

Na unaniambia mtoto abaki hapo kwa usalama, wewe uliyemfunika kwa mwili wako chini ya kitanda, risasi zikipita juu ya mabati. Lakini simwiti kwa kukimbia tu. Namwita kwa sababu ni wangu na nimemkosa mpaka kifua kinauma. Tena sitaruhusu watu wanaoshika mbao wanichagulie mahali pa kulea mtoto wangu. Hata wewe, nisamehe, sitakuruhusu uwasaidie kunifukuza.

Nisalimie kaka Déo, na apunguze kukuonyesha video. Nisalimie shangazi anayeuza samaki wa sambaza sokoni, mwambie harufu yake naikumbuka kwa mapenzi. Nisalimie katekista aliyembatiza Furaha kwa dharura siku ile ya homa. Salamu za heshima kwa baba mkubwa wa Luhwindja, kama miguu bado inamfikisha kanisani.

Na Maman Nsimire, mpe barua hii aisome yote, hata pale nilipokusema. Kisha muulize yeye, si Déo, kama mtoto aende. Atakalosema nitalikubali, na wewe ulikubali. Akisema aende, mzigo aufunge yeye kwa mikono yake. Furaha akifika, Jumamosi ya kwanza nitamshika mkono nipite naye njia panda, na atamsalimu Dermot kwa jina.

Ni mimi binti yako, ambaye bidoni yake hairudi nyuma,

Nabintu