Kopo la Mjomba Hamadi

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama huwezi, basi soma na unyamaze. Usimwambie mkubwa wangu, wala mama yangu, wala mwanamke wa sokoni anayefungia karanga kwa makaratasi ya watu. Nina kazi hii moja tu.

Jumanne, 2 Septemba. Gitega

Bei za masoko ya Gitega, Bukirasazi na Itaba nimeziingiza kabla ya saa nne. Muyinga nimeiacha mwisho, kama kawaida yangu siku hizi. Maharage, kopo moja: bei ileile. Uzito wa kopo: uleule. Nimeandika haraka, nikafunga mashine.

Madamu Générose amelichukua jedwali mwenyewe. Ni mkubwa wetu, mchumi wa chakula. Mtoto wa wakulima wa Itaba. Amefanya kazi Niger, Ethiopia, mpaka Roma, kisha akarudi Burundi kufungua ofisi ya kufuatilia bei za vyakula, vyumba vitatu, hapa Gitega. Wageni wa kutoka nje husimama akiingia. Yeye lakini husoma jedwali la karani kabla ya barua ya waziri. Anasoma kwa penseli, mstari kwa mstari, kama anayechagua mawe kwenye mchele.

Leo penseli haikusimama popote. Natamani ingesimama.

Alhamisi, 4 Septemba. Muyinga

Niandike ukweli hapa, maana pengine siwezi.

Kanuni ya ofisi ni rahisi. Fika sokoni, uliza bei ya kopo, kisha weka kopo lililojaa la mwenye meza juu ya mizani, mbele yake, uandike uzito. Madamu anasema mfanyabiashara hupandisha bei mwisho kabisa. Kwanza anagusa kopo, anapunguza kinachojaa ndani.

Meza niliyopangiwa tangu Agosti ni ya Mjomba Hamadi, kaka wa mama. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka shule siku ya kwanza. Kumpimia kopo mbele ya wateja ni kusema mwizi. Kwetu hakuna maana nyingine. Meza za jirani ni za shemeji zake. Wiki nne sijapima. Naandika uzito wa Julai, alioupima mwenzangu asiye wa ukoo.

Leo nilijaribu. Nilitoa mizani kwenye mfuko. Akaiona.

"We Zuhura, iko unapima nani? Mi nilikubeba mgongoni, leo unanipima?"

Watu wakacheka. Shemeji mmoja akasema nimpime na tumbo, limezidi. Nikairudisha mizani nikacheka nao.

Lakini niliona. Julai maharage yalisimama juu ya kopo kama kilima, mengine yakianguka. Leo Mjomba amepitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo. Sawasawa. Kopo la mfuto.

Nimeandika uzito wa Julai.

Jumatatu, 8 Septemba. Gitega

Nimeona orodha. Mbegu za maharage zitagawiwa kabla ya mvua, kwanza kwenye vilima, ndivyo vijiji vyetu, ambako chakula kimepanda bei. Mkutano wa kupitisha ni Ijumaa ya tarehe 19. Muyinga imekatwa. Pembeni kuna maandishi ya penseli ya Madamu: soko limetulia.

Halijatulia. Ni mimi niliyetulia.

Naogopa.

Alhamisi, 11 Septemba. Muyinga

Nimemkuta Mama Eliya mezani kwa Mjomba. Huyu amekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, akarudi na watoto wanne, analima kilima cha juu ya mji. Mwaka jana alikuja kuuza. Leo amekuja kununua, nusu kopo. Nikamuuliza mbegu ameweka kiasi gani.

"Mbegu tumeshaila, mwanangu. Tulianza na yenye matundu, tukasema ile nzuri tutaiacha. Kisha tukala na ile nzuri."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja siku ya juma. Akaaga vizuri, akaniombea kazi njema.

Nilikuwa na mizani mfukoni. Haikutoka.

Jumamosi, 13 Septemba. Muyinga, nyumbani

Sijala vizuri. Mama ameuliza kama ni malaria. Nimesema ndiyo.

Aliyekaa kwenye meza yangu ya ofisini kabla yangu alifukuzwa kwa kutunga namba. Dereva wa ofisi amenisimulia. Madamu hakupaza sauti. Alimwambia akusanye vitu vyake, akamfungulia mlango. Dereva anasema huko Niger Madamu aligoma kutia sahihi ripoti ya wakubwa iliyosema mavuno ni mazuri. Wakamhamisha. Msimu wa njaa ukafika, wakamrudisha, na hakuna aliyemwomba radhi. Dereva husimulia hayo kama anavyosimulia habari za mama yake mzazi.

Nami namheshimu hivyo. Ndiyo maana ni vigumu. Kwa mkubwa mbaya ningeungama bila shida.

Nikifukuzwa, mshahara umekwisha, na baba, fundi cherehani, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Macho. Cherehani inafanya kazi nusu siku tu.

Nikinyamaza, Mama Eliya atapanda nini?

Jumatatu, 15 Septemba. Gitega

Nimesema.

Niliingia bila kubisha, kosa la kwanza. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza wiki gani, meza gani, kopo la rangi gani, mpini upo au umekatika. Aliandika yote. Mimi nilikuwa nalia, yeye anaandika.

Akaweka penseli.

"Yule wa mbele yako alitunga namba juu ya uvivu," akasema. "We ulinyamaza juu ya kumwonea mjomba haya. Yote iko mbaya. Lakini ya pili iko na dawa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa gari."

Sikujua kama nimefukuzwa.

Jumanne, 16 Septemba. Muyinga

Sitaisahau siku ya leo.

Gari tumeliacha mbali na soko. Madamu alikuwa amevaa kitenge na kandambili, kikapu mkononi. Nikatoa mizani. Akaniambia niirudishe, nimfuate kwa mbali. Kisha akaingia sokoni kama mama yeyote mwenye wageni nyumbani.

Alinunua kopo moja kwa kila meza. Moja tu. Kila kopo katika mfuko wake, kila mfuko fundo lake: fundo moja meza ya kwanza, mawili ya pili. Alibishana. Alinusa maharage, akayauma kwa jino. Alilalamikia mafuta ya taa, mvua iliyochelewa na wakwe. Mjomba Hamadi hakumjua. Alipoona kopo la mfuto, Madamu akamuuliza kilima kimekwenda wapi.

"Mama, kilima imebaki Kobero kwa forodha," Mjomba akajibu, na soko zima likacheka, Madamu akicheka kuliko wote.

Tukapimia kwa baba. Baba alisogeza vitambaa, mizani ikakaa kwenye meza ya kukatia. Mfuko baada ya mfuko. Yote myepesi kuliko Julai, mingine kwa tofauti ya kuaibisha. Wa Mjomba ulikuwa mzito kuliko ya shemeji zake wote.

Hapo Madamu akanifundisha, kwa sauti ya chini, asije akasikia baba. Magunia ya kutoka Tanzania yanayovuka mpaka wa Kobero yamepungua. Mjomba anaona haya kuwapandishia bei watu anaoswali nao na kuzikana nao. Basi bei anaiacha, anakula kwenye kopo. Hata hivyo amekula kidogo kuliko wengine. Si mwizi. Ni mtu mwenye majirani. Na haya yake ndiyo iliyoificha njaa, ikasaidiwa na haya yangu.

Miaka minne ya chuo kikuu, na sikuwahi kusikia uchumi ukielezwa hivyo.

Nikauliza kwa nini hatukupima pale pale, yeye ni mkubwa, nani angemcheka. Akasema kanuni ile aliiandika yeye, ofisini, na hakufikiria wajomba.

Jumatano, 17 Septemba. Gitega

Nimeandika jedwali upya. Wiki zote. Pembeni nimeandika "haikupimwa" mara sita.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkutano. Nilikaa nyuma, kazi yangu kugawa karatasi.

Madamu alisimama wa kwanza. Akasema jedwali walilopewa lina kosa, kosa ni la ofisi yake, na sahihi ni hili. Hakunitaja. Hakunitazama. Bwana mmoja wa wafadhili, mwenye tai, akauliza kwa tabasamu iweje mtu aliyefanya kazi hii nchi nyingi hivyo ashindwe kupima maharage.

"Nilishindwa," akasema. "Juzi nimejifunza. Sasa tuzungumze juu ya mbegu."

Ubishi ulikuwa mrefu. Mbegu ni zilezile, kumpa huyu ni kumpunguzia yule. Alijibu kila mtu kwa kilima chake, anavijua kwa majina. Mwisho Muyinga imerudi. Si yote. Vilima viwili vimebaki nje, na hilo ni kwa sababu yangu. Kilima cha Mama Eliya kimo.

Nilikwenda kulia chooni, kisha nikarudi kukusanya vikombe.

Jumatatu, 22 Septemba

Barua ya onyo, sahihi yake na yangu. Nahamishiwa Muyinga. Nitapima kila wiki, kwa njia mpya: kununua, kisha kupima nyumbani. Aliponipa barua alinifungulia mlango, nikafikiri ni kama yule aliyefukuzwa. Akasema nisichelewe Alhamisi.

Jumapili, 28 Septemba. Muyinga

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mbegu zilifika Ijumaa. Mama Eliya hakuja sokoni wiki hii, analima. Mjomba amejua yote. Muyinga si mji wa siri. Jana alipita hapa, akanywa chai na baba. Alipoondoka aliniachia salamu kwa mama: nikija sokoni na mifuko yangu, nianzie meza yake.

Kama umesoma mpaka hapa na unanitafuta, usiulize ofisini Gitega. Njoo Muyinga Alhamisi asubuhi, upande wa maharage. Mtafute msichana mwenye mifuko midogo yenye mafundo. Usiniite, usinisalimie. Ngoja nifike meza ya mwisho, kisha nifuate kwa mbali mpaka kwa baba, fundi Shabani. Mlango hauna kitasa, usukume tu. Kama umenunua maharage njiani, njoo nayo. Nitakupimia.