Muungurumo wa Pikipiki ya Aristides

Mwika, 3 Machi 2024

Hilda mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Singida? Kikohozi kimekuachia? Sisi tunaendelea. Mvua imeanza na migomba imeamka. Mama yako mwili una nguvu, kichwa ndicho kile unachokijua.

Nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga, kwa kuwa akinisikia nataja mambo haya anahangaika. Nimeitoa bandani pikipiki ya marehemu kaka yako. Tangu tumzike haijaguswa. Nawasha swichi, hakuna taa. Honi kimya, stata haitoi hata mlio. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilivunjika yeye mwenyewe akiwa hai. Wewe ndiye fundi wetu. Nianzie wapi?

Baba yako

Singida, 3 Machi

Baba shikamoo,

Milele, amina. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Mpe mama salamu, hata kama atauliza Hilda gani.

Fungua kiti. Chomoa waya za betri, ule wa hasi utangulie. Vichwa vikiwa na unga mweupe, sugua kwa brashi na maji ya moto, kausha, kaza. Itazame fyuzi kwenye mwanga. Kiwaya cha ndani kikiwa kimekatika, weka nyingine. Kisha Basili wa kijiweni akupimie kwa mita. Betri nzima husoma volti kumi na mbili na nusu hivi. Ikiwa chini, aichaji. Ikijaa halafu ikashuka yenyewe, basi imekufa, usihangaike nayo.

Lakini Baba, unaitakia nini? Goti lako hilo la kuendesha liko wapi?

Mwanao Hilda

Mwika, 9 Machi

Hilda,

Umzima? Na sisi tupo, Mungu anatushika.

Fyuzi ilikuwa salama. Betri ilisoma tisa. Basili akaichaji, ikajaa, jioni ikarudi palepale. "Mzee Melkior," akasema, "hii ni ya kuzika." Halafu akakumbuka, akaniomba radhi. Nimefunga mpya. Taa zikawaka, honi ikalia, stata ikazungusha injini.

Umeuliza ya nini. Mama yako kila jioni anasimama getini kumngoja Aristides. Anasema hatakula mpaka mwanawe arudi kutoka barabarani. Mtori wa ndizi unapoa, namwaga. Mikono yake imekuwa vijiti. Wiki iliyopita bodaboda wa jirani alipita, mama yako akasema, "Huyo si yeye, yake naijua." Nikawaza: akiisikia, ataingia ndani ale.

Baba yako

Singida, 9 Machi

Baba,

Nimelia gereji nzima wananitazama. Nimekuelewa. Lakini akitoka kumtafuta aliyekuja, atamkuta nani?

Hilda

Mwika, 2 Aprili

Hilda mwanangu,

Habari za Pasaka? Sisi tulisali nyumbani, barabara ya kanisani ilikuwa tope tupu.

Nisamehe kukaa kimya, mambo yalikuwa mazuri nikaogopa kuyasema. Jioni naiwasha ndani ya banda, naiacha iungurume, nazima. Mama yako anasema, "Amefika," anaingia, anakula. Anakula, Hilda! Jumapili aliimba akimenya ndizi.

Sasa tatizo. Jana stata ilifanya tik, tik, basi. Taa hafifu. Betri ni mpya hii! Nimeuziwa mbovu?

Baba yako

Singida, 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Huenda betri haina kosa. Inatumika bila kurudishiwa. Unaiwasha muda mfupi mno, au haipati chaji. Basili aichaji, kisha aipime huku injini ikiunguruma kwa kasi. Ikipanda hadi kama kumi na nne, chaji ipo. Isipopanda, fuata waya zinazotoka injini kwenda kwenye betri, chini ya tenki. Banda letu lina panya.

Baba, mwezi huu nitaomba ruhusa nije.

Hilda

Mwika, 19 Aprili

Hilda,

Sijui nianzie wapi, hata salamu imenishinda.

Ilikuwa panya kweli. Waya ulikuwa umetafunwa, Basili akaunga, mita ikapanda. Nilifurahi kama kijana. Jioni ile nikaiacha iungurume zaidi ili ishike chaji, nami nimeinama kusikiliza. Nilipogeuka mama yako alikuwa mlangoni pa banda, sahani mkononi. Alikuwa amemletea chakula.

"Aristides yuko wapi?"

Nikasema, "Ametoka kidogo."

"Ametoka vipi na pikipiki iko hapa? Kwa nini umeiwasha wewe?"

Akanitazama, na macho yake, Hilda, yalikuwa yale ya zamani, yenye akili zote. Ulimi wangu ukakataa kudanganya. Nikamwambia, "Mama Aristides, mtoto aliugua. Tulimzika."

Aliachia sauti ambayo hata siku ya msiba hakuitoa. Majirani walikuja mbio wakidhani ni kifo kipya. Na kwake kilikuwa kipya. Alilia mpaka akalala chini. Asubuhi akaamka, akachota maji, jioni akaenda getini kumngoja tena.

Pikipiki nimempa Basili, akaitumie mbali na barabara yetu.

Baba yako

Singida, 19 Aprili

Baba yangu,

Usijilaumu, nakusihi. Ulitaka ale. Kama yupo wa kulaumiwa ni mimi niliyekuelekeza waya kwa waya. Bosi amekataa ruhusa mpaka mwisho wa Mei. Mkumbatie.

Mwanao Hilda

Mwika, 26 Mei

Hilda mwanangu,

Hujambo? Kahawa imeanza kuiva kule chini. Mama yako anakula vizuri sasa, usimhofie kwa hilo.

Siku hizi haendi getini. Mwanzoni nilishukuru. Juzi jioni tumekaa jikoni, moto unawaka, nikajikuta nasubiri aulize. Hakuuliza. Nikashindwa, nikasema mwenyewe, "Leo Aristides amechelewa."

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgeni.

"Aristides ni nani?"

Nikamwambia ni kijana mmoja wa hapa Mwika, kijana mzuri. Akasema, "Mama yake ana bahati," akaendelea kula.

Njoo, mwanangu. Ruhusa wakikupa au wasikupe, njoo. Nimebaki namkumbuka peke yangu.

Baba yako