Mwanamume Aliyepiga Dari Juu ya Kitanda Chetu

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, katikati ya Julai. Mwaka wa nne sasa tangu uliponisindikiza stendi ya Lushoto.

Mpenzi Mama Zuhura,

Natumai mko wazima, wewe, binti yetu na mama yako. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayowaka. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ningepandisha sauti, na wewe ukisikia nimepandisha sauti unakata. Nitaipiga picha barua hii nikutumie. Usimpe Zuhura akusomee. Isome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Unajua shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo usitafute maneno ya kuzungukazunguka humu. Nina wivu. Namwonea wivu Fundi Hemedi na dari yake.

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta jana asubuhi kazini. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri. "Baba Zuhura, mwenzio siku hizi nalala kama malkia. Sebule imekwisha, chumbani kimebaki kipande kimoja tu, pale juu ya upande wako. Fundi silingi bodi zimemwishia, Jumamosi ijayo anarudi kumalizia." Nyuma yako nasikia nyundo, ko, ko, ko, na mwanamume anaimba. Anaimba, Mama Zuhura, chumbani kwangu! Halafu ukamalizia kwa furaha: "Nimempikia chai ya tangawizi, maskini, na baridi yote hii."

Ile tangawizi ndiyo iliyonichoma.

Unakumbuka dari ilikuwa ahadi ya nani? Tulikuwa tumelala chali, wewe ukutani, mimi upande wa dirisha, tunaangalia kenchi na bati tupu. Ukungu wa Mlalo ulikuwa unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi bati lilitoa jasho na matone yakatuangukia. Tone moja likakupiga katikati ya paji la uso, ukasema, "Baba Zuhura, nyumba yako inanitemea mate." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikakwambia, nikirudi kutoka Sauzi, kazi ya kwanza kabla hata sijafungua begi ni kukupigia dari. Ukasema, "Nasubiri." Ulisema hivyo, siyo mimi niliyekutilia neno mdomoni.

Sasa sikiliza jana nilikuwa nafanya nini wakati Hemedi anaimba.

Huku Jozi baridi yake si kama ya kwetu. Ya kwetu ina maji, ya huku ni kavu, inakata kama wembe, na asubuhi sakitu imetanda kwenye majani kama chumvi. Madam mmoja wa Kensington, ambaye huwa tunamfanyia vibarua, alituita mimi na Papa Kasongo. Huyu Kasongo ni Mkongo wa Lubumbashi, chumba chake kinapakana na changu. Nyuma ya nyumba ya Madam kuna ukumbi wa kuchezea, mkubwa kuliko msikiti wetu wa pale sokoni. Ndani kuna meza ya puli, meza ya tenisi, makochi na kaunta ya vinywaji. Lakini kuta ni za tofali tupu, chini saruji, juu bati. Dari hakuna. Nilipotazama juu nikaona kenchi, moyo ukanienda nyumbani moja kwa moja.

Madam akasema, "Saa sita baba na mama wanaingia humu. Ni sherehe ya ndoa yao, nusu karne. Mama yangu akipata baridi ataomba kurudi nyumbani, na sherehe itakuwa imekufa. Nataka pawe na joto." Akatuachia hita mbili za gesi akaenda kuchukua keki.

Tukaziwasha zote mpaka mwisho. Tukafuta meza, tukapanga viti, saa nzima ikapita, na mimi vidole bado vinauma. Kasongo alikuwa juu ya ngazi anafunga mapambo kwenye kenchi. Mara namwona anavua koti. Kisha anavua sweta.

"Kasongo, una homa?"

"Ndugu, panda huku! Huku juu ni Kongo, huko chini njo Jozi!"

Nikapanda. Kweli, chini ya bati kulikuwa na joto la kukaushia samaki. Gesi yote ya Madam ilikuwa imekwenda kukaa mahali pasipo na mtu. Nikasimama juu ya ngazi pale, kichwa kinatoka jasho na miguu imekufa ganzi, nikawaza: hivi ndivyo nilivyo. Ninachokuchomea huku kinapaa tu, na aliye chini anabaki na baridi, mpaka anakuja mtu mwingine na nyundo.

Tukapumzika kidogo kufikiri, ndipo nikafungua ujumbe wako. Kasongo akasikia sauti yako.

"Huyu nani anaongea?"

"Mke wangu."

"Bibi yako?" Akashika kichwa. "Eh, ndugu! Ulisemaka bibi yako alikufaka!"

Hapo ndipo tulipogundua. Wiki ya kwanza tulipofahamiana aliniuliza, "Bibi yako eko wapi?" Nami nikamjibu bibi alishafariki, tulimzika Mlalo. Nilikuwa namsema bibi mzaa baba. Kumbe kwao bibi ni mke! Ndiyo maana siku ile alinishika bega akanipa glavu zake. Mama Zuhura, miaka yote hii kwa Kasongo wewe ulikuwa marehemu. Amekuombea kanisani kwao.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. "Mufu amefufuka, na sasa anapigiwa plafo!" Plafo ndiyo dari kwao. "Na mi kila siku nasema, huyu ndugu analala muzuri, hana wa kuibiwa."

"Nyamaza, Kasongo."

"Na chai ya tangawizi! Eish! Marehemu anapika chai!"

Nilitaka kumrushia nyundo. Lakini neno lake limenikaa. Ni kweli nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nimekuweka mahali salama kichwani, hunywi chai na mtu, huzeeki, humfungulii mtu mlango, unasubiri tu. Kama tulivyomweka bibi pale Mlalo. Jana ndiyo nimejua uko hai, na tangu hapo sijalala.

Saa zilikuwa zinakwenda. Kasongo akasema tukoke mbawula, lile pipa la matundu ambalo walinzi wa huku huotea moto barabarani. Nikakataa. Nilikumbuka ile asubuhi tuliyoamka vichwa vinapasuka na Zuhura anatapika, kwa ajili ya jiko la mkaa tulilolala nalo chumbani. Mama yako alisukuma dirisha kwa fimbo na kututukana: "Mnataka kufa na joto lenu?" Tangu siku ile mkaa haukuingia tena ndani, na ikawa kazi yangu kutangulia kitandani, nilale upande wako mpaka upate moto, kisha nihamie kwangu kwenye baridi. Ulikuwa unachelewa makusudi jikoni. Nilijua.

Nikamwambia Kasongo, ukumbi huu hatuuwezi. Tuupunguze. Tulikuwa na maturubai na yale mashuka tunayotandika wakati wa kupaka rangi. Tukavuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya kenchi, tukatandaza mashuka juu yake upande mmoja tu, ule wa makochi, na hita tukazisogeza humo, lakini mbali na mashuka. Katikati tukashusha turubai kama pazia, meza ya puli ikabaki ng'ambo na baridi yake. Tukatandika mazulia juu ya saruji, tukaziba chini ya mlango kwa mataulo. Dirisha moja tuliliacha wazi kiasi cha kiganja, tusije tukawaua wazee wa watu kwa hewa ya gesi. Mama Zuhura, muda wa kuchemsha maharage haukupita, mahali pale pakawa na joto hadi Kasongo akasinzia.

Wazee wakaingia. Bibi kizee mdogo kama mtoto wa shule, glavu mikononi, kofia ya sufu. Mzee wake akamkalisha kochini. Wakaimba, wakakata keki. Lakini bibi glavu havui, na kila baada ya muda anakunja mabega na kutazama juu. Nikamfuata macho. Kwenye kona, juu yake kabisa, mashuka hayakufika. Palibaki tundu kama sinia. Joto lote tulilolitafuta lilikuwa linatoka hapo, na baridi ya bati inamshukia shingoni. Tundu moja, ndani ya dari yote ile.

Nikasikia anamwambia mumewe, "Twende nyumbani."

Yule mzee hakubishana. Alimvua glavu, akachukua mikono yake yote miwili akaitia kwapani mwake, ndani ya koti. Hivyohivyo. Wewe unajua mikono ya nani ilikuwa inaingia kwapani mwa nani kule kwetu. Niliwaonea wivu wale wazee kuliko nilivyowahi kuonea wivu mwenye gari.

Nikaleta ngazi. Shuka zilikuwa zimekwisha, nikavua koti langu, lile la kijani uliloninunulia mnadani, nikalifunga kwa kamba pale kwenye tundu. Nilishuka nikasimama mlangoni na shati tupu. Baada ya muda bibi akavua kofia. Kisha akasimama, akamwambia mzee wake wacheze. Wakacheza polepole, chini ya koti langu.

Mzee akanijia na kikombe. "Asante, kijana. Mke wangu amepata joto." Ilikuwa chai. Haikuwa na tangawizi, lakini ilikuwa chai, Mama Zuhura, na mimi ndiye niliyekuwa nimeipata kwa kumwekea dari mke wa mtu.

Nikanywa huku nawaza. Nilipokuwa juu ya ile ngazi sikumfikiria yule bibi hata kidogo, nilifikiria fundo la kamba. Labda na Hemedi huko juu anafikiria misumari yake. Labda. Ila yule bibi ni kizee wa watu, na wewe siyo. Na mimi sikuimba.

Basi hapa ndipo penye shida. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua kukuambia hivi: mwambie Hemedi asirudi. Kile kipande cha mwisho, juu ya upande wangu, kiachwe wazi mpaka nije nikizibe mwenyewe, ili pawepo mahali pamoja katika chumba kile ambapo mkono wake haujafika. Nimeandika hivyo na nimefuta mara mbili. Kwa sababu nimeona kwa macho yangu tundu moja linavyofanya. Nikikuambia uliache, ni kukuambia wewe na Zuhura mlale na baridi ya Julai na Agosti yote, ukungu uwashukie, ili mimi nipate usingizi huku. Nimetafuta namna ya kulisema hilo lisionekane baya, sijaipata.

Kwa hiyo mwache aje Jumamosi. Azibe. Lakini mama akae chumbani muda wote, na fimbo yake. Kitanda mkisogeze sebuleni kwanza, sitaki akipande kwa viatu wala bila viatu. Chai mpe ya rangi, iwe ya kawaida. Akianza kuimba, washa redio.

Na rangi asipake. Hilo nalikataza kama mume. Dari hiyo ibaki na weupe wake wa dukani, misumari ionekane, mpaka nifike. Nitafika Desemba, saiti zikifungwa na Jozi nzima ikielekea makwao. Kopo la rangi nitalibeba kutoka huku, hata watu wa mpakani wacheke. Ni rangi gani hukuambii, usije ukamwambia mtu. Nitapaka chumba chote siku nitakayoingia, kabla sijafungua begi, ili ukitazama juu uone kazi yangu.

Mpaka Desemba hiyo, nakuomba jambo moja tu. Usilale chali. Lala ubavu.

Ni mimi mumeo uliye naye hai,
Baba Zuhura