Daktari Anadhani Mume Wangu ni Karani

Ndugu Mshauri,

Naomba unisaidie. Mume wangu Kasiani ni kuli hapa bandarini Mtwara, mwaka juzi gunia la korosho lilimwangukia mguuni kifundo kikasagika, tangu hapo anachechemea na kulala kwake ni kuugulia tu, basi akaja daktari bingwa mgeni anayetoa kifundo kibovu na kuweka kipya cha chuma na plastiki, nikamshukuru Mungu. Wiki iliyopita nikaingia naye kwa daktari kwa mara ya kwanza, daktari akaniambia, "Mama, una bahati mumeo ni karani, kifundo hiki hakiwezi kazi ya mizigo." Karani! Kasiani hajashika kalamu ya ofisi hata siku moja! Tulipotoka nje nikamuuliza, akanijibu, "Mama Helena, nyamaza. Makuli hawawekewi kipya, wanaungwa mifupa ya kifundo isikunjike tena, mguu unakuwa mkavu kama mchi. Nitapandaje ubao wa ghala na gunia mgongoni?" Yaani anataka kifundo kipya ili akabebe magunia yaleyale! Upasuaji ni baada ya Pasaka, nikisema atadai nimemlemaza, nikinyamaza naogopa, nifanyeje?

Raheli, Ufukoni, Mtwara

Dada Raheli,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, sikuamini macho yangu. Mtu mzima anamdanganya daktari atakayemkata!

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Anasema vifundo hivi bado ni vigeni hata huko vinakotengenezwa, na chini ya uzito wa gunia cha Kasiani kitalegea, kitatolewa, na mfupa utakaobaki hautatosha hata kuungwa vizuri. Kuungwa kunakaza mguu, kweli, lakini maumivu hupungua na mtu anatembea.

Na wewe usiniulize kama unyamaze, jibu unalo. Rudini kwa daktari wiki hii, Kasiani aseme mwenyewe kazi yake. Akigoma, sema wewe, naye akiwa amekaa palepale anakusikia. Atanuna. Mwache anune. Kisha achague: akitaka kifundo kipya, mizigo basi, asipoweza kuiacha, aungwe. Lakini kwa vyovyote atakavyochagua, ubao wa ghala ameuaga tangu siku ile gunia lilipomwangukia, na hilo ndilo linalomuuma kuliko kifundo.

Mwende kwa msimamizi wa ghala mkaombe kazi ya kushona magunia. Na kama ukarani anautaka kweli, madarasa ya watu wazima yapo kila jioni. Aanzie huko, si kwenye meza ya upasuaji.